Uzi: Washairi wa Ayalandi, viazi jikoni na santuri za blues

KinandaKibovu (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa vina na mizani kuna mwenzetu alisema ushairi wa Wazungu wa siku hizi ni habari za jikoni zilizokatwakatwa mistari. Sikutaka kuteka mjadala wa watu, nimefungua wangu. Nitakaa Ayalandi, maana huko hizo habari za jikoni wamezifanyia kazi miaka mingi na kwa ustadi, na pia nyuma ya baadhi ya mashairi yao unasikia muziki usioutarajia: blues ya Wamarekani weusi.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, anayetaka kuipiga aipige. Ukitaja Waayalandi na blues, watu hukimbilia kusema hawa waliteswa na wale waliteswa, ndiyo maana wakaelewana. Mimi hapo sipo. Kilichowakutanisha ni santuri na maduka ya santuri, pamoja na tabia moja ya utunzi: taja kitu kwa jina lake, taja mtaa, taja kazi inayofanyika, usieleze mno, kiache kitu kibebe mzigo chenyewe.

Wa kuanza naye ni Patrick Kavanagh. Alizaliwa 1904 kijiji cha Inniskeen, jimbo la Monaghan, baba yake fundi viatu mwenye kishamba. Anaanza kuandika, mzee Yeats, mshairi mkuu wa nchi, bado yuko hai na ushairi wa nchi umejaa mashujaa wa kale. Kavanagh akaleta samadi, mawe na majirani wenye roho ngumu. Shairi lake "Epic" la mwaka 1951 lina mistari 14 tu. Koo mbili zinagombea kipande cha ardhi ya mawe kisichofika hata robo ekari, watu wameshika reto za shambani, wanatukanana. Mwaka ni 1938, na huko Munich wakubwa wa Ulaya wanahangaika na Hitler. Mshairi anajiuliza lipi kubwa kati ya hayo mawili. Mzimu wa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, unamjia, unamnong'oneza kwamba hata yeye Iliad, utenzi wake wa vita, aliifinyanga kutoka kwenye ugomvi wa kijijini wa namna hiyo hiyo.

Kavanagh huyo huyo aliandika kwamba kuna mtu wa pembezoni na mtu wa parokia. Wa pembezoni haamini macho yake mpaka asikie mji mkuu umesemaje. Wa parokia hana wasiwasi hata chembe kwamba kijiji chake kinastahili kutungiwa. Karibu kila mshairi nitakayemtaja hapa chini amepita kwenye mlango huo.

Naendelea kushusha. Maswali ruksa.

BiMchele

Ugomvi wa mpaka wa shamba! Hilo kwetu linaishia baraza la kata, na kuku wa pande zote mbili wanaliwa. Endelea mkuu, nimeshavuta kiti.

KinandaKibovu

Twende kwa Seamus Heaney, yule wa Nobel ya fasihi ya 1995. Wengi wanamjua kwa shairi la baba anayechimba viazi chini ya dirisha huku mwana ameshika kalamu. Mimi nawapeleka kwa mama.

Mama yake alifariki 1984. Mwaka 1987 Heaney akachapisha mfululizo wa kumkumbuka unaoitwa "Clearances". Katika shairi la tatu wengine wote wameenda Misa, yeye na mama wamebaki nyumbani wanamenya viazi. Hawazungumzi. Viazi vinadondoka kimoja kimoja kwenye ndoo ya maji safi, matone yanawarukia. Halafu, bila onyo, tuko kwenye chumba ambamo mama anakufa: padri anasali kwa nguvu zote, wengine wanaitikia, wengine wanalia, na mwana anakumbuka kichwa cha mama kilivyoinama kuelekea chake, pumzi yake karibu, visu vyao vikipokezana. Anasema hawakuwahi kuwa karibu vile tena.

Mwaka 2015 shirika la utangazaji la RTÉ liliendesha kura ya kutafuta shairi linalopendwa kuliko yote ya miaka 100 iliyopita. Nchi hiyo ina mashairi ya mapinduzi na ya watu walionyongwa. Likashinda la viazi.

Eavan Boland (1944–2020) naye aliishi Dundrum, kitongoji cha Dublin, nyumba ya kawaida yenye watoto wadogo. Kilichomkera ni kwamba katika ushairi wa nchi yake mwanamke alikuwa alama tu, Mama Ayalandi mwenye vazi refu anayelilia wanawe, wakati mwanamke halisi anayeamka alfajiri kumpa mtoto chupa ya maziwa hayumo. Mwaka 1982 akatoa kitabu "Night Feed", na hiyo chupa ya alfajiri imo. Kuna waliomcheka wakati ule kwamba anaandika mambo ya nyumbani.

Paula Meehan, mzaliwa wa Dublin 1955, ana shairi ninalolipenda kupita kiasi kuhusu baba yake kule Finglas, mtaa wa wafanyakazi. Anamwamsha mlio wa farasi wa jirani. Anamsikia baba kaamka mapema, anatoa majivu mekoni, anachomeka birika la umeme. Mzee amezeeka, binti ndiyo kwanza anaona nywele zilivyoisha rangi. Anatoka nyuma ya nyumba na makombo ya mkate, na ndege wanamjia kutoka kila upande wa mtaa, wa kila aina, mpaka anasimama katikati yao kijana tena, mzima kabisa. Kichwa cha shairi kinamtaja Mtakatifu Francis, yule rafiki wa ndege na wanyama, na mwishoni anatajwa tena, basi. Ndani ya shairi hakuna mahubiri.

MtungaAsilia

Ndugu mwenye uzi, umesimulia vizuri na sikatai. Ila hoja yangu ya kule bado imesimama. Ulichotueleza ni hadithi fupi za kugusa moyo. Ushairi una arudhi, yaani kanuni za vina na mizani. Sisi ugomvi huu tunao tangu Kezilahabi atoe Kichomi, mashairi yake yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, na mimi upande wangu haujabadilika. Mtu akimenya viazi na mama yake, akaandika kwamba amemenya viazi na mama yake, ushairi uko wapi?

KinandaKibovu

Mzee wangu MtungaAsilia, hapo umenipa mpira nikiwa golini peke yangu 😀. Hilo shairi la viazi ni soneti. Mistari 14, lina vina, na mfululizo mzima ni soneti nane. "Epic" ya Kavanagh nayo ni soneti. Hawa watu wamekaa ndani ya arudhi, sema wameificha kwenye mazungumzo ya kawaida hata ukisoma haraka hujui kama umepita kwenye kina.

MtungaAsilia

Nimekusikia. Nitayatafuta kwa Kiingereza chake niyapime mwenyewe.

FundiSanturi

Tumengoja blues tangu asubuhi. Blues iko wapi?

KinandaKibovu

Inakuja sasa hivi, fundi.

Belfast, mtaa wa High Street, kulikuwa na duka la santuri likiitwa Atlantic Records, la bwana mmoja Solly Lipsitz, mpenzi mkubwa wa jazz. Miongoni mwa wateja wake ni George Morrison, fundi umeme kwenye karakana za meli za Harland & Wolff, aliyewahi kwenda Detroit kutafuta kazi. Mkusanyiko wake wa santuri ulisifika Ulster nzima: Lead Belly, Muddy Waters, Mahalia Jackson. Nyumbani kwake Hyndford Street alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ndiye mwimbaji Van Morrison.

Mjini humo humo alikuwepo kijana Michael Longley, mwalimu, msomi wa Kigiriki na Kilatini. Kitabu chake cha kwanza, "No Continuing City" cha 1969, kina mashairi manne ya wanamuziki: Fats Waller, Bud Freeman, Bessie Smith na Bix Beiderbecke. Yametunukiwa huyo huyo Lipsitz. Ndiyo maana nasema maduka ya santuri. Kabla ya nadharia yoyote kuhusu mateso ya mataifa, kulikuwa na kaunta, mtu nyuma ya kaunta, na sindano ya gramafoni.

Shairi la Bessie Smith ni fupi. Longley anamwambia: umeleta kutoka Chattanooga, Tennessee, sauti yako kubwa mpaka nyuma ya akili yangu. Halafu anasema jambo ambalo shabiki mwingine angeona aibu kulisema: nisingeweza kupiga santuri zako kila siku. Anamweka pamoja na mahali anapopatembelea mara moja kwa mwaka, pwani ya Donegal, kisiwa cha Inisheer, kisiwa cha Harris kinachopigwa na mvua ya ubavuni, mahali anapopatamani lakini hawezi kuhamia. Na anamaliza kwa kusema blues ya Bessie imebeba kila likizo uliyoitamani na kila kituo cha mwisho wa safari.

Oneni asichofanya. Hajifanyi Bessie. Haigi lafudhi ya watu weusi, hasemi "mimi pia nimelia hivyo". Anasimama kwenye kizingiti chake cha Belfast, anasikiliza, anakiri kwamba yeye ni mgeni kwenye sauti ile. Kwangu mimi hiyo ndiyo adabu ya msikilizaji. Na MtungaAsilia, lina vina, beti mbili za mistari sita sita.

FundiSanturi

Jumla mistari 12! Na ubeti wa blues kwenye muziki una vipimo (bars) 12. Mkuu hapo kuna siri.

KinandaKibovu

Fundi, hapo usijenge nyumba. Mistari sita sita imeandikwa na watu wengi ambao hawajawahi kusikia blues. Ila tueleze wewe ubeti wa blues unavyokwenda, maana wengine hapa hawajui.

FundiSanturi

Kwa heshima. Ubeti wa blues wa kawaida ni mistari mitatu. Wa kwanza unatoa shida. Wa pili unairudia shida, labda na neno moja la kuchomekea. Wa tatu unajibu, na mara nyingi jibu lina kicheko ndani yake. Kila mstari wa mwimbaji unaishia katikati ya nafasi yake, nafasi inayobaki gitaa linajibu. Kwa hiyo wanaoongea ni wawili hata kama mtu yuko peke yake. Ngoja nitunge hapa hapa:

*Nimeamka asubuhi, kiberiti kimelowa,*
*Nasema nimeamka asubuhi, kiberiti chote kimelowa,*
*Jiko linanitazama utadhani mvua nimeituma mimi.*

Kule kurudia si kukosa la kusema. Mara ya kwanza unamwambia jirani, mara ya pili unajiambia mwenyewe.

BiMchele

Fundi umetisha. Mstari wa kiberiti naondoka nao.

KinandaKibovu

Hapo kwenye kurudia ndipo ninapomleta Rita Ann Higgins wa Galway, mzaliwa wa 1955. Aliacha shule mapema, akaolewa mdogo, na mwaka 1977 alipata kifua kikuu. Kusoma vitabu kwa dhati alianzia kwenye hospitali alikolazwa muda mrefu. Shairi lake "Some People" halina gitaa wala halitaji blues, lakini limekaa kwenye mfupa ule ule. Linasema kuna watu wanaojua ilivyo, kisha linaanza kutaja: kutukanwa mbele ya watoto wako, kupungukiwa hela ya kodi, kupungukiwa ya umeme, kupungukiwa ya vitabu vya shule, kungoja kwenye vyumba vya ustawi wa jamii vilivyojaa moshi. Muundo wa sentensi ni ule ule, unagonga, unagonga, ukurasa mzima. Jibu linakuja mwishoni kabisa, kwa maneno machache: na kuna wengine hawajui. Ni ule mstari wa tatu wa fundi, ila umecheleweshwa mpaka unauma. Na Higgins anachekesha. Wakimsoma kwa sauti ya matanga wanamharibu.

Van Morrison naye mwaka 1982 alitoa wimbo kuhusu kazi aliyoifanya ujanani, kusafisha madirisha ya watu. Ndani yake kuna ngazi, harufu ya duka la mkate, maandazi, sigara, vitabu alivyokuwa akisoma, na majina ya wanablues aliokuwa akiwasikiliza: Blind Lemon, Lead Belly, Muddy Waters, Sonny Terry na Brownie McGhee. Anajitaja kuwa mtu wa kazi, basi. Ukiuweka kando ya Kavanagh unaona ni parokia ile ile, ila hii ina redio.

DodomaMpakaDerry

Mwenye uzi mbona unakwepa historia? Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni moja, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Lugha yao ilipigwa. Roddy Doyle kwenye riwaya yake ya 1987 kuhusu bendi ya vijana wa Dublin anamfanya meneja wa bendi aseme Waayalandi ndio weusi wa Ulaya. Na wewe unatuambia habari za duka la santuri?

KinandaKibovu

Njaa siikatai, na maumivu siyapimi kwa mizani. Ila kauli ya yule meneja kwenye riwaya ni ya kijana mwenye mdomo anayetaka kuuza bendi yake, na bendi yenyewe ilikuwa ya soul, si ya blues. Watu wameichukua wakaifanya falsafa.

Shahidi wangu ni Frederick Douglass. Alifika Ayalandi mwaka 1845, Mmarekani mweusi, mtumwa aliyetoroka, akahutubia miji kadhaa na akaandika kwamba kule alitendewa kama mtu, hakuhesabiwa rangi. Miaka kumi baadaye, katika kitabu chake cha 1855, anaeleza nyimbo za watumwa, kisha anasema hajawahi kusikia nyimbo za namna ile mahali pengine tangu atoke utumwani, isipokuwa Ayalandi, wakati wa njaa. Kilio kile kile, na kilimgusa sana. Kwa hiyo DodomaMpakaDerry, ulichokisikia wewe, Douglass alikisikia kabla yako, na kwa masikio yanayojua.

Lakini ni Douglass huyo huyo aliyesimama jukwaani Marekani mwaka 1850 akajibu wale waliodai hali ya Waayalandi ni mbaya kuliko ya watumwa. Alisema Mwayalandi ni maskini ila si mtumwa. Anaweza kuvaa matambara lakini bado mwili wake ni wake. Mtu mmoja akasikia kufanana kwa sauti na akakataa kufananisha hali. Mimi niko nyuma yake kwa yote mawili. Na tusisahau kwamba Waayalandi wengi waliofika Marekani waliishia kuingia upande wa weupe, na faida zake wakazipokea.

DodomaMpakaDerry

Hilo la Douglass sikulijua. Bado naona kusikia kilio kile kile si jambo dogo.

KinandaKibovu

Si dogo hata kidogo. Ndiyo maana wenyewe wana urithi wa maombolezo ya wanawake juu ya maiti, na linalosifika zaidi ni la Eibhlín Dubh Ní Chonaill kwa mumewe aliyeuawa 1773. Mshairi Doireann Ní Ghríofa alitoa kitabu mwaka 2020 ambamo analifuatilia ombolezo hilo huku akiwa mama wa watoto wadogo, orodha ya kazi za siku mkononi, nguo za kufua, mashine ya kukamua maziwa ya mama kifuani. Jikoni na matanga vimo kwenye sentensi moja. Ukisoma kitabu kimoja tu kati ya vyote nilivyotaja, soma hicho.

BibiWaCork

Naingia kimya kimya jamani, naishi Cork. Mbona Rory Gallagher, mpiga gitaa wa blues, hamumtaji? Hapa mjini kuna uwanja wenye jina lake. Alizaliwa Ballyshannon, Donegal, 1948, akakulia hapa. Mwaka 1963 alinunua gitaa la Stratocaster lililokwisha tumika kwenye duka la muziki la hapa kwa karibu pauni 100, akalipa kwa mafungu, na akalipiga mpaka jasho likala rangi yote. Mwaka 1972 santuri ya Muddy Waters aliyorekodi London ilitoka, na Rory yumo. Watu wa Belfast wanampenda kwa sababu miaka ya mabomu, Ayalandi Kaskazini ikiwa kwenye mapigano na wasanii wengi wakiogopa kwenda, yeye alikuwa anarudi Ulster Hall. Januari 2025 wamemsimamishia sanamu nje ya ukumbi huo.

KinandaKibovu

Asante bibi. Sikumtaja kwa sababu hakuwa mshairi wa kurasa, lakini umenifungulia mlango wa jambo la mwisho kuhusu Longley, maana nalo ni la Belfast ya mabomu.

Mtaa wa Lisburn Road kulikuwa na duka la aiskrimu. Mwaka 1988 mtu aliyekuwa akihudumu pale alipigwa risasi akafa. Binti mdogo wa Longley alikuwa anazijua ladha zote za duka lile kwa moyo, na alinunua maua akayaweka nje. Shairi ni la mistari kumi. Linaanza na ladha za aiskrimu, linataja mauaji kwa sentensi moja, kisha baba anamtajia binti maua yote ya porini aliyoyaona siku moja huko Burren, magharibi mwa Ayalandi, jina baada ya jina mpaka shairi linaisha. Hakuna hasira, hakuna siasa. Baadaye mama wa marehemu alimwandikia mshairi kumshukuru, akamweleza kwamba maua aliyoyataja yako 21, na ladha za duka lile nazo zilikuwa 21. Longley hakuwa amekusudia. Barua aliisaini: mama wa mtu wa aiskrimu.

BiMchele

Jamani.

MtungaAsilia

Nimerudi. Nimelipata la Bessie Smith na lile la viazi. Vina nimeviona, mpangilio wa vina kwenye la Bessie unavuka vuka, ni kazi ya fundi na ninampa haki yake. Lile la maua nimelisoma mara kadhaa. Kwa arudhi yangu silipi alama, ila sikuweza kuendelea na kazi kwa muda. Huyo Higgins wako nimemkataa.

KinandaKibovu

Higgins usimsome kwa macho mzee wangu. Tafuta rekodi akisoma mwenyewe, kisha urudi umkatae tena hapa hapa. FundiSanturi, na wewe tuletee wanablues wanawake wengine wa enzi za Bessie. Ma Rainey tuanze naye kwenye uzi wako, nitakuja kuchangia.